Nimeletewa makala ya binokula niweke jina langu. Naomba msaada kuhusu lenzi, na kuhusu maadili pia

Mbega wa Meru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni muongoza watalii kanda ya kaskazini. Wageni wangu wengi ni wale wa ndege, wale ambao simba akilala barabarani wanaomba tumzunguke haraka kwa sababu kuna kandege kameingia kwenye mgunga. Kwa hiyo mtandaoni nina wafuasi kiasi, na kila mara naulizwa darubini gani ya kununua. Sisi kazini tunaziita binokula, nitachanganya majina yote mawili.

Sasa kuna duka la mtandaoni limenitafuta. Wamenitumia binokula mpya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) ndani ya boksi, zawadi, pamoja na makala iliyokwisha andikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Wanachotaka ni jina langu na picha yangu juu ya hiyo makala. Pesa ipo. Nanukuu vipande: "Baada ya msimu mzima wa kuitumia Ndutu na Tarangire..." Kisha: "lenzi zote ni Fully Multi-Coated, prizimu za BAK4 zenye kotingi ya fezi". Kisha: "inapitisha mwanga wote, hata usiku wa manane unaona".

Ndutu sijaenda nayo. Imefika juzi.

Maswali yangu ni mawili. Hizo sifa za lenzi nazihakikishaje bila maabara? Na la pili, kuna ubaya gani mtu kuniandikia? Wakubwa wote wanaandikiwa hotuba na hakuna anayelalamika. Nawasilisha.

Chapati Mbili

Chukua hela mkuu. Uzi ufungwe.

Pwani Usiku

Binokula ya bure halafu na hela juu? Hilo duka lipo wapi, na mimi nina macho mawili.

Fundi Kioo

Mkuu Mbega, la maadili nawaachia wenye nalo. Mimi nimekaa kwenye benchi la kutengeneza kamera na darubini muda mrefu, ngoja nijibu la lenzi. Itakuwa ndefu.

Kioo kitupu hakipitishi mwanga wote. Kila mahali ambapo mwanga unatoka hewani kuingia kwenye kioo, au unatoka kwenye kioo kurudi hewani, karibu asilimia 4 inarudishwa. Unaona ndogo. Sasa hesabu nyuso: lenzi ya mbele ina nyuso zake, lenzi ya kufokasi, prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza picha isimame wima), halafu kundi la lenzi za jicho. Ukipata nyuso 10 tu zinazogusa hewa, na darubini nyingi zinazidi hapo, mwanga unaofika jichoni ni kama asilimia 66. Theluthi imepotea njiani.

Na haipotei kwa heshima. Unaorudishwa unadundadunda ndani ya mrija na sehemu yake inakufikia kama ukungu mweupe. Ndiyo maana binokula ya bei chee ukiielekeza karibu na jua la saa kumi na moja jioni, tumbusi aliyekaa juu ya mti anageuka doa la kijivu. Jicho la binadamu halitambui kirahisi upungufu mdogo wa mwanga, lakini ukungu linautambua palepale. Watu hudhani kotingi ni ya kuongeza mwanga, kumbe faida yake kubwa ni kuondoa huo ukungu.

Kotingi yenyewe ni utando mwembamba sana, wa kawaida ni magnesiamu floraidi, unaopakwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Unene wake ni robo ya urefu wa wimbi la mwanga, kama nanomita 100. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake unapishana nusu wimbi, basi unauana, na kwa kuwa nishati haipotei, kilichoshindwa kurudi kinapita mbele. Tabaka moja la hivyo linashusha upotevu kutoka asilimia 4 hadi moja na nusu hivi kwa kila uso. Tabaka nyingi zilizopangwa vizuri zinashusha hadi nusu asilimia au chini ya hapo. Rudi kwenye zile nyuso 10: kwa tabaka moja unapata kama asilimia 86, kwa tabaka nyingi kama 95.

Aliyeileta teknolojia hii kiwandani ni Alexander Smakula, mwanafizikia mzaliwa wa Dobrovody, Ukraine ya leo, akiwa kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena mwaka 1935. Wajerumani wakaifanya siri ya kijeshi, maana darubini ya manowari ina vioo vingi mno na kila asilimia ina maana. Ila jambo lenyewe lilishaonekana zamani. Miaka ya 1890 Mwingereza Harold Dennis Taylor aligundua kwamba lenzi kuukuu zilizofubaa uso zilikuwa zinapitisha mwanga zaidi kuliko mpya. Wateja walikuwa wanazileta zisuguliwe ziwe safi!

Sasa maneno ya kwenye boksi. "Coated" maana yake angalau uso mmoja una tabaka moja. "Fully coated", nyuso zote zinazogusa hewa zina tabaka moja. "Multi-coated", angalau uso mmoja una tabaka nyingi. "Fully multi-coated" au FMC, nyuso zote zina tabaka nyingi. Huo ndio utaratibu waungwana wanaoufuata. Hakuna askari anayefungua mrija wako kukagua.

Mchele wa Kyela

Fundi, shikamoo. Swali la mjinga: kama utando hauna rangi, mbona lenzi zinang'aa zambarau au kijani?

Fundi Kioo

Marahaba. Si la mjinga hata kidogo. Utando wa tabaka moja unapimwa unene kwa ajili ya katikati ya mwanga unaoonekana, yaani kijani na njano, kwa sababu jicho letu linaona vizuri zaidi hapo. Kijani inapita. Bluu na nyekundu za pembeni zinaponyoka kidogo na kurudi, zikichanganyika unaona zambarau. Kwenye tabaka nyingi mhandisi anachagua kipi kibaki, ndipo unaona kijani hafifu au zambarau iliyokolea. Kwa hiyo rangi unayoiona kwenye lenzi ni ile iliyokataliwa. Iliyo nzuri inang'aa kidogo mno, ukiangalia kwa mbele unahisi kama kioo hakipo.

Pwani Usiku

Na zile nyekundu zinazouzwa na wamachinga ferry? Muuzaji aliniambia ni za kijeshi.

Fundi Kioo

Zile nyekundu kama kioo cha kujitazama? Zinaitwa rubi. Zinarudisha mwanga mwekundu kwa wingi, maana yake mwekundu haufiki kwako, na ukiangalia dunia inakuwa ya kijani-bluu. Kwa binokula ya bei ya chini ni njia rahisi ya kuficha rangi zinazomwagika pembeni mwa picha kwa sababu ya lenzi mbovu. Jeshi gani litataka kung'aa mekundu porini?

Pwani Usiku

Basi nimevaa jeshi shingoni miaka yote hii. Sawa.

Kalamu ya Kodi

Salamu kutoka Nairobi, wadau. Naona mnanizungumzia bila kunijua. Si mimi niliyeandika hiyo ya Mbega, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo inayonilipia nyumba, kwa hiyo niruhusuni niwafungulie pazia.

Mteja anatuma karatasi ya sifa za bidhaa, mara nyingi imetafsiriwa kutoka Kichina na mashine. Anatuma maneno ya kuchomekwa ili mtu akitafuta Google aangukie hapo. Anatuma urefu anaoutaka na mhusika: "andika kama mtaalamu wa ndege mwenye uzoefu". Bidhaa haitumwi. Ukiomba uione, kazi inaenda kwa mwingine kabla hujamaliza sentensi. Malipo ni kwa neno, wala si kwa ukweli.

Nilianzia kwenye insha za wanafunzi wa ng'ambo, kama vijana wengi wa huku waliomaliza chuo wakakosa ajira. Uingereza ilipotunga sheria 2022 kuharamisha biashara ya kuwauzia wanafunzi insha, mimi nilikuwa tayari nimehamia matangazo na vitabu vya watu. Nimeandika maisha ya mzee mmoja mfanyabiashara, nikakaa naye jioni nyingi akinieleza, na jina langu halimo. Sioni aibu. Kitabu kile ni chake, mimi nilikuwa mkono tu.

Na msijifanye hamjui mambo haya. Nani aliwaandikia bibi zetu barua enzi za posta? Mjukuu aliyefika darasa la saba, na mara nyingine anaongeza ya kwake ili shangazi wa mjini afunguke mkono. Nyimbo ngapi za taarabu, aliyetunga ni mwingine na aliyetunzwa noti ni mwingine? Fundi ametutajia Smakula, lakini kwenye lenzi walichonga herufi T na jina la Zeiss. Mbona hamkulia?

Chapati Mbili

Huyu Mkenya ameua.

Dada Hakiki

Kaka Kalamu, umeeleza vizuri na nakuheshimu kwa kusema wazi. Lakini umeweka vitu vitatu tofauti kwenye kapu moja.

Barua ya bibi: habari ni za bibi, shida ni ya bibi, na shangazi anajua fika bibi hajui kuandika. Hakuna aliyedanganywa, labda na lile chumvi la mjukuu. Taarabu: anayesikiliza hadhani mwimbaji anatoa ushahidi mahakamani, na wanaoijua taarabu wanamjua mtunzi. Ile T ya Zeiss inasema kioo hiki kimepakwa utando, na ni kweli kimepakwa. Kama Smakula alitendewa haki na mwajiri wake ni swali lingine, tena zuri, lakini mnunuzi wa lenzi hakupunjwa.

Makala ya Mbega ni kitu kingine. Inasema "nilitumia msimu mzima". Hiyo sentensi haina mwenyewe. Mwandishi hakutumia, Mbega hakutumia. Maneno mtu anaweza kuyaazima, ila macho hayaazimwi.

Nafanya kazi ya utafiti wa dawa, na kwetu jambo hili lilishaleta balaa. Mwaka 2009 nyaraka za mahakamani Marekani ziliwekwa hadharani zikaonyesha kwamba kampuni ya dawa ya Wyeth ilikuwa inailipa kampuni ya uandishi, DesignWrite, kuandaa makala za kitabibu kuhusu homoni wanazotumia wanawake waliokoma hedhi. Zikishaandaliwa, anatafutwa profesa wa kuweka jina. Makala 26, zilizochapishwa kati ya 1998 na 2005. Daktari aliyekuwa anasoma jarida aliamini anamsikiliza mwenzake asiye na upande, kumbe muuzaji anaongea kupitia mdomo wa profesa. Na mwaka 2002, katikati ya kipindi hicho, utafiti mkubwa wa Marekani ulishasimamisha sehemu ya majaribio ya dawa za aina hiyo kwa sababu hatari, ikiwemo saratani ya matiti, ilikuwa kubwa kuliko faida.

Majarida ya tiba sasa yanataka anayeitwa mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuiandika au kuihariri, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kilichomo. La mwisho ndilo namuuliza Mbega: mgeni wako akinunua hiyo binokula kwa jina lako, akaja nayo Ndutu, mkakaa gari moja siku nzima, utamwambia nini?

Kalamu ya Kodi

Dada, hapo kwa "nilitumia msimu mzima" sina utetezi na sitajaribu. Lakini usiniambie mwandishi ndiye mkosaji wa kwanza. Mimi ndiye niliye chini kabisa kwenye ngazi.

Dada Hakiki

Sikusema wa kwanza. Lakini unajua unachoandika, sivyo?

Kalamu ya Kodi

Najua.

Kijiwe cha Sheria

Naingia kwa kifupi. Mbega alitaja hotuba za wakubwa. Hotuba ni sawa kwa sababu kiongozi anaisoma kwa mdomo wake na anabanwa nayo kesho. Ikisema barabara itajengwa, anadaiwa yeye, aliyeandika hadaiwi. Hata hivyo mambo hunoga pale tuzo inapoingia. John F. Kennedy alipewa Pulitzer mwaka 1957 kwa kitabu ambacho minong'ono ilisema kaandikiwa na msaidizi wake Ted Sorensen. Ilikanushwa kwa ukali, wakatishia hadi mahakama. Mwaka 2008 Sorensen mwenyewe akaandika kwamba rasimu ya kwanza ya sura nyingi ilikuwa mkono wake.

Kuhusu maoni ya bidhaa, dunia imebadilika. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipitisha kanuni iliyoanza kazi Oktoba 2024 inayokataza maoni ya uongo, ikiwemo ya mtu ambaye hakuwahi kuitumia bidhaa anayodai kuitumia. Uingereza nao wakaharamisha maoni feki kuanzia Aprili 2025. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya haki za mlaji zimo kwenye Katiba, kifungu cha 46. Sisemi Mbega atakamatwa kesho, sijawahi kumuona muongoza watalii kizimbani kwa ajili ya lenzi. Ila wageni wake wanatoka huko huko Marekani na Uingereza.

Chapati Mbili

Narudisha kauli yangu ya kwanza. Ila hela si angeulizwa kwanza ni ngapi?

Mbega wa Meru

Asanteni sana, mmenipa kazi ya kufikiri. Dada Hakiki lile swali la gari moja siku nzima limenikaa. Kabla sijaamua nataka kujua kwanza hii kitu ni nzima au mbovu, maana kama ni nzuri kweli labda nitaitumia ndipo niandike. Fundi, nipime vipi?

Fundi Kioo

Mirija imenyooka? Kama imenyooka, ni prizimu za paa. Fanya hivi.

Kwanza, usiku, ndani, zima taa. Washa tochi ya simu, ielekeze lenzi kubwa ya mbele kwa pembeni kidogo, chungulia. Utaona vitochi vingi vidogo vimejipanga ndani, kila kimoja ni uso mmoja unaorudisha mwanga. Vyenye rangi hafifu, kijani, zambarau, bluu, hivyo vimepakwa. Ukikuta kitochi cheupe kinachong'aa kuliko wenzake, huo uso uko mtupu. Rudia kwa upande wa jicho, huko ndiko wanakobania zaidi kwa sababu mnunuzi hachungulii.

Pili, nyoosha mikono, elekeza binokula angani (si kwenye jua!), tazama viduara vya mwanga kwenye lenzi za jicho. Vikiwa mviringo safi, prizimu inaelekea kuwa ya BAK4, aina ya kioo bora. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, ni BK7, kioo cha kawaida.

Tatu ni fezi. Prizimu ya paa inagawa mwanga nusu kwa nusu kwenye ule mgongo wake, halafu nusu mbili zinarudi kuungana zikiwa zimepishana kidogo, picha inapoteza ukali. Zeiss walileta dawa yake mwaka 1988, utando maalumu juu ya paa. Kupima: fungua ukurasa mweupe kwenye laptop, weka binokula mbele yake, kaa nyuma kidogo uone kile kiduara, kisha shika kioo cha miwani ya jua ya polaroidi kati ya jicho na lenzi, kizungushe polepole. Kama kuna mstari unakata kiduara katikati, nusu moja inang'aa na nyingine inazama gizani, kotingi ya fezi hakuna. Kama zinafifia na kung'aa pamoja, ipo.

Na usisafishe kwa shati! Vumbi la huko kwenu lina mchanga ndani yake, ukisugua unachora utando wote. Puliza kwanza, brashi laini, ndipo kitambaa chake.

Mbega wa Meru

Nimerudi na picha nimeziambatanisha. Mbele: vitochi vyote kijani hafifu na zambarau. Upande wa jicho: vyote vina rangi isipokuwa kimoja kila mrija, cheupe pee. Viduara: mviringo. Fezi: nimeazima laptop ya mdogo wangu na miwani ya boss, mstari upo, tena wazi, nusu inazima kabisa.

Fundi Kioo

Picha nimeziona, umefanya vizuri kuliko mafundi wengine ninaowajua.

Hukumu yangu: BAK4 inaelekea kuwa kweli. Kotingi nyingi zipo, ila "fully" si kweli, kuna uso mmoja mtupu, unakula asilimia 4 na kuongeza ukungu kidogo. Fezi ni uongo mtupu. Kioo cha ndani cha prizimu sijui, hakikutajwa, na prizimu ya paa ya aina hii ina uso mmoja ambao ni lazima upakwe utando wa kurudisha mwanga, kama kioo cha kujitazama: alumini inapoteza mpaka asilimia kumi na kitu, fedha inapoteza kama asilimia 2 hadi 5, tabaka za dayalektriki (zisizo za metali) zinapoteza chini ya asilimia moja. Kwa vile hawakuitangaza, mimi nabashiri alumini. "Inapitisha mwanga wote" hakuna binokula duniani inayofanya hivyo, hata zile za bei ya pikipiki mpya zinaishia asilimia tisini na kitu. Na "usiku wa manane unaona" ni hadithi. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25, huo ndio upana kwa milimita wa mwanga unaotoka. Jioni inakusaidia sana kuliko 10x25 inayotoa 2.5 tu, lakini giza ni giza.

Sasa nisikilize vizuri: si binokula mbovu. Kwa mgeni anayeanza inafaa. Makala ndiyo imeivalisha suti isiyo yake.

Mchele wa Kyela

Yaani wangesema ukweli wangeuza vilevile.

Kalamu ya Kodi

Mchele, hilo ndilo linaloniuma kwenye kazi hii. Mara nyingi bidhaa ni ya kawaida tu na ukweli wake unatosha. Lakini karatasi ya sifa inasema hivi, na mimi sina kitochi.

Mbega, nina pendekezo. Nenda nayo kazini muda wa kutosha. Kisha nipigie simu, unieleze kwa mdomo wako: asubuhi ilikuwaje, jioni ilikuwaje, vumbi liliingia wapi, mgeni mwenye miwani aliionaje. Nitakuandikia, utasoma, utakata usichokipenda. Kila sentensi yenye "niliona" itakuwa imetoka kwako. Hiyo ni kazi halali kwa maoni yangu, na duka wakitaka kunilipa wanilipe.

Dada Hakiki

Hapo nakubaliana nawe, kwa masharti mawili. Isemwe kwamba binokula ilitolewa bure na makala imelipiwa. Na chini iandikwe "imeandikwa kwa msaada wa", na jina lako.

Kalamu ya Kodi

La kwanza sawa kabisa. La pili sitaki. Jina langu likionekana nakosa wateja wengine, wanaonilipa hasa kwa sababu sionekani. Na msomaji anapata nini? Anataka kujua kama binokula inaona. Nani aliweka koma mahali pake hakumhusu.

Dada Hakiki

Anajua kwamba Mbega hakuwa peke yake.

Kalamu ya Kodi

Mzee yule wa kitabu naye hakuwa peke yake, na wajukuu zake wanakisoma wanalia.

Kijiwe cha Sheria

Hapa mtakesha. Kisheria aliyelipwa kuandika akakubali kufichwa ni makubaliano yao. Mimi niko upande wa Kalamu ilimradi lile la zawadi na malipo lisemwe juu kabisa, lisifichwe chini kwa herufi za mchwa.

Dada Hakiki

Mimi bado. Lakini sitagombana, hii si dawa ya moyo.

Mbega wa Meru

Mrejesho wakuu.

Niliwaandikia duka. Nikawaambia fezi haipo, uso mmoja mtupu, msimu wa Ndutu haujawahi kutokea, na kwamba niko tayari kuitumia halafu niandike nilichoona, nikisema wazi nimepewa bure. Nikawatumia na picha za vitochi.

Wamejibu kwa adabu kwamba makala imeshaidhinishwa "na timu ya masoko" na haibadilishwi, na kwamba watatafuta muongozaji mwingine. Binokula wamesema nibaki nayo. Nimewaambia watume mtu aichukue, maana nikiivaa kazini watu wataniuliza na nitaishia kuitangaza bure. Hawajajibu hilo.

Kama kuna mwenzetu huko ameletewa 8x42 na makala yenye "msimu mzima wa Ndutu na Tarangire", akasome majibu ya Fundi hapo juu kabla hajasaini. Kalamu, namba yako nimeihifadhi, nina mambo yangu mengine ya ndege nataka kuandika na Kiswahili changu cha maandishi ni cha hovyo. Tutaongelea lile la jina tukifika.

Kalamu ya Kodi

Karibu sana. Bei ya rafiki.

Chapati Mbili

Hela ilikuwa ngapi lakini?

Pwani Usiku

Fundi, usiondoke. Nina laki tatu na nataka kuvua hili jeshi jekundu. Ninunue nini?

Fundi Kioo

Kwa laki tatu usikimbilie za mirija iliyonyooka. Tafuta ya porro, ile ya kizamani yenye mabega, 8x40 au 7x50, hata ya mkono wa pili. Prizimu zake zinarudisha mwanga zenyewe bila kupakwa kioo na hazihitaji fezi, kwa hiyo bei ile ile inakupa picha kali zaidi. Nyingi hazizuii maji wala vumbi, uwe unaifungia kwenye mfuko. Nenda dukani na tochi, chungulia pande zote mbili, tazama viduara, na ikiwa ya mkono wa pili angalia ukungu wa fangasi kwenye prizimu, huo ukiota unakula utando na hautoki. Muuzaji akikukataza kuchungulia, ondoka.